Mwanga Ulivyofinyangwa Kuwa Mtego

Kwamba mwanga husukuma vitu, wanafizikia walikuwa wameshajua. Pyotr Lebedev aliipima nguvu hiyo huko Moscow mwanzoni mwa karne ya 20, akaikuta ni ndogo mno. Arthur Ashkin, mtafiti wa Bell Labs huko New Jersey, Marekani, ndiye aliyeona kwamba leza ingeweza kuidhihirisha. Alitia vitufe vya plastiki, visivyoonekana kwa macho matupu, ndani ya maji, akavimulika. Vilikwenda mbele kama alivyotazamia. Lakini vilivyopita ukingoni mwa mwale vilivutwa hadi katikati, penye mwanga mkali zaidi, vikabaki humo.

Ugunduzi huo, uliochapishwa mwaka 1970, ndio mzizi wa yote yaliyofuata. Kilichovivuta vitufe ni tofauti ya mwanga kati ya ukingo na kitovu. Kwa maneno mengine, umbo la mwale.

Atomi zilikuwa kazi ngumu zaidi, kwani katika joto la kawaida hukimbia mamia ya mita kwa sekunde. Mwaka 1985 Steven Chu na wenzake, akiwemo Ashkin, walizipunguza mwendo atomi za sodiamu kwa miale sita iliyokabiliana, zikapoa hadi karibu sana na sifuri halisi. Mwaka uliofuata walinasa takriban 500 kwa mwale mmoja, kwa sekunde kadhaa.

Ila mwanga mkali nao huzisumbua atomi na kuzipasha joto. Dawa yake ilikuwa ya kushangaza: kuzifungia gizani. Masafa ya leza yakipandishwa kidogo kupita yale ambayo atomi huyafyonza, atomi huukimbia mwanga. Basi mwale ukifinyangwa uwe na uwazi katikati kama bomba, atomi hukaa ndani ya uwazi huo huku kuta za mwanga zikizirudisha. Mwaka 1997 Takahiro Kuga na wenzake huko Tokyo walinasa rubidiamu hivyo, ncha mbili za bomba zikizibwa kwa miale mingine.

Baadaye ufinyanzi ukaingia kwenye vioo vya kidijitali: maelfu ya vitone, kila kimoja kikichelewesha mwanga kwa kiasi chake. Kwa kioo cha aina hiyo, timu ya watafiti huko Palaiseau, Ufaransa, huugawanya mwale mmoja kuwa mitego mingi. Karibu nusu hutoka mitupu. Mwale mwingine huichukua atomi moja na kuipeleka penye pengo, kisha nyingine, mpaka safu itimie. Mwaka 2018 timu hiyo ilionyesha atomi zilizopangwa kwa umbo la Mnara wa Eiffel. Mwaka huohuo Ashkin, akiwa na miaka 96, alipewa Tuzo ya Nobel.