Ujira wa Wapagazi na Daftari la Serikali

Katika karne ya 19, upagazi, yaani kazi ya kubeba mizigo ya misafara kwa ujira, ulikuwa miongoni mwa kazi kubwa za malipo katika Afrika Mashariki, na waliosifika zaidi kwa kazi hiyo walikuwa Wanyamwezi, walioteremka kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo na pembe za ndovu, kisha wakapanda tena bara na nguo, shanga na nyaya za shaba. Mzigo wa kawaida ulikaribia frasila mbili, frasila moja ikiwa sawa na kilo 16 hivi, na juu yake mpagazi aliongeza mkeka na chungu chake. Ujira ulipatanwa kabla ya safari, ama kwa merikani, yaani kitambaa cha pamba kilichoagizwa kutoka Marekani, ama kwa fedha za reale, na sehemu yake ililipwa mapema, mbali na posho, ambayo ni chakula cha njiani kilichopimwa kwa kibaba au kununuliwa kwa nguo vijijini. Mwenye msafara aliyechelewesha posho alijua litakalomfika, kwani wapagazi wangetua mizigo na kukaa kitako mpaka wasikilizwe, au wangetoweka usiku. Wasafiri wa Kizungu waliuita mwenendo huo utoro na uvivu. Ukweli ni kwamba mkataba usioandikwa haukuwa na ulinzi mwingine, ingawa hawakukosekana waliopokea malipo ya awali wakatokomea kabla safari haijaanza.

Nguvu hiyo ya kutua mzigo ilivunjika pale serikali ilipogeuka kuwa mwajiri. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, mapigano mengi yalifanyika mbali na reli, na kwa kuwa mbung'o waliangamiza farasi, punda na ng'ombe, jeshi la Uingereza lililazimika kusafirishiwa chakula na risasi na binadamu. Kikosi cha wapagazi kilichoundwa kwa ajili hiyo, Carrier Corps kwa Kiingereza, ambacho jina lake limebaki katika mitaa ya Kariakoo jijini Dar es Salaam na Kariokor jijini Nairobi, kiliongozwa na Oscar Watkins, ofisa wa utawala wa Kenya. Mwanzoni waliojiandikisha kwa hiari waliahidiwa rupia 10 au zaidi kwa mwezi. Lakini sheria ya mwaka 1915 iliyoruhusu kukamata watu kwa lazima ilipopitishwa, ujira wa waliokamatwa ulishushwa hadi rupia 5, ukipanda kufikia 6 baada ya miezi mitatu. Kiwango hicho kiliwaridhisha walowezi, ambao hawakupenda jeshi liwazidi kwa malipo. Upande wa Wajerumani hali haikuwa afadhali, kwani noti walizochapisha wakati wa vita ziligeuka karatasi tupu waliposhindwa.

Hata hivyo, rupia 5 hizo nazo hazikuwa rahisi kuzipata. Sehemu kubwa ya ujira ilisubiri mpagazi aachishwe kazi, na ili alipwe, ilibidi jina lake, namba yake, wilaya yake na jina la mkuu wake wa kijiji vilingane na yaliyoandikwa daftarini. Makarani waliandika majina ya lugha wasizozijua, wapagazi walihamishwa kutoka kikosi kimoja hadi kingine bila karatasi zao kuwafuata, na wengi waliookotwa njiani ndani ya eneo la Wajerumani hawakuandikwa kabisa. Aliyekufa kwa kuhara au homa ya mapafu bondeni Rufiji aliacha nyumbani mjane ambaye alitakiwa athibitishe, mbele ya ofisi aliyoifikia kwa mwendo wa siku kadhaa, kwamba marehemu ndiye yule wa daftarini. Hesabu rasmi ilikiri vifo zaidi ya 40,000 katika kikosi hicho, na wanahistoria wengi wanaona kuwa idadi halisi ilikaribia 100,000.

Haifai kukubali upesi kisingizio kwamba serikali haikuwa na uwezo wa kuwatambua watu wake. Kodi ya kibanda, iliyotozwa kwa kila nyumba, iliendelea kukusanywa vijijini humohumo, na nchini Kenya ilipandishwa hadi shilingi 16 kabla ya kupunguzwa kuwa 12 kufuatia malalamiko yaliyoongozwa na mwanaharakati Harry Thuku na wenzake. Nacho kipande, yaani cheti chenye alama za vidole ambacho kila mwanamume Mwafrika alilazimika kuwa nacho, kilianza kutolewa mara tu baada ya vita. Waliotambulika kwa kodi na kwa kazi hawakutambulika kwa malipo.

Watkins alidai kwa miaka mingi kwamba fedha zisizochukuliwa zitumike kwa manufaa ya Waafrika wenyewe, lakini Wizara ya Vita mjini London ilikataa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 zilisimamishwa sanamu za kumbukumbu Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, zenye maandishi ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Mwaka 2021 serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni kwa sababu majina ya maelfu ya Waafrika waliokufa katika vita hivyo hayakuwekwa makaburini wala kwenye kumbukumbu. Radhi hiyo ilihusu majina, na ujira haukuwa sehemu yake.