Ilivunjika au Ilivunjwa? Magazeti, Redio na Mwisho wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, 1977

Kiswahili kina njia mbili za kusema kwamba chombo kilichokuwa kizima si kizima tena. Tukisema kimevunjwa, msikilizaji ana haki ya kuuliza: na nani? Tukisema kimevunjika, swali hilo halipati pa kukaa, kwa maana kauli ya kutendeka haimtaki mtendaji. Mtoto aliyeangusha kikombe cha mgeni huijua tofauti hiyo kabla hajaanza shule. Katika vitabu vyetu vya historia, katika hotuba na katika mazungumzo ya barazani, Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1967 huambiwa kuwa "ilivunjika" mwaka 1977. Neno hilo limezoeleka kiasi kwamba hatulisikii tena. Makala hii inakusudia kulisikiliza, na kutazama jinsi habari za kuvunjika huko zilivyotangazwa kwa wananchi wa pande mbili za mpaka mmoja, na mambo gani yaliachwa nje ya habari hizo.

Ushirika wa nchi hizi tatu haukuanza na Uhuru. Wakoloni wa Kiingereza waliunda Halmashauri Kuu ya Afrika Mashariki mwaka 1948 kwa sababu zao wenyewe, za kurahisisha utawala na biashara yao. Na mwaka 1961 chombo hicho kikageuzwa kuwa Shirika la Huduma za Pamoja. Lakini viongozi wa harakati za Uhuru waliona ndani ya chombo hicho cha kikoloni mbegu ya jambo kubwa zaidi. Mwalimu Nyerere alisema mwaka 1960 kwamba alikuwa tayari Uhuru wa Tanganyika ucheleweshwe kidogo ili nchi zetu ziingie katika shirikisho kwa pamoja. Tarehe 5 Juni 1963, viongozi wa Kenya, Uganda na Tanganyika walitangaza mjini Nairobi azma ya kuunda shirikisho la kisiasa kabla mwaka huo haujaisha. Mwaka ukaisha, shirikisho halikuwapo. Kwa hiyo Mkataba uliotiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967, na kuanza kazi tarehe 1 Desemba mwaka huo, ulikuwa ni mkataba wa uchumi uliobeba mabegani mwake matumaini ya siasa. Hatuna budi kulikumbuka hilo, kwa sababu uchungu wa mwaka 1977 haukuwa uchungu wa watu waliovunja duka la ubia. Ulikuwa uchungu wa ndugu.

Na kwa mwananchi wa kawaida Jumuiya ilikuwa kitu cha kushika kwa mkono. Barua yake ilipita katika shirika la posta ambalo makao yake makuu yalikuwa Kampala. Treni aliyopanda ilikuwa ya shirika lenye makao Nairobi, bandari ilisimamiwa kutoka Dar es Salaam, ndege zilisimamiwa kutoka Nairobi, na Sekretarieti yenyewe ilikaa Arusha. Kijana wa Mwanza aliweza kuajiriwa reli akapelekwa Kisumu, akaoa huko, akazaa huko. Mwenye kesi kubwa alikata rufani katika Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Mwandishi wa Kiswahili alipeleka muswada wake kwa East African Literature Bureau, lililokuwa likichapisha vitabu tangu mwaka 1948. Hata hivyo nyuzi zilikwisha kuanza kukatika: kila nchi ilikuwa na sarafu yake tangu mwaka 1966, na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kiligawanywa kuwa vyuo vikuu vitatu mwaka 1970.

Sababu za kudhoofika kwa Jumuiya zimeelezwa mara nyingi na wataalamu, nami sitazirefusha. Kenya ilirithi kutoka kwa wakoloni viwanda vingi kuliko jirani zake, ikawa inawauzia zaidi ya kununua kwao. Makubaliano ya Kampala ya mwaka 1964, na baadaye ushuru maalumu uliowekwa na Mkataba wa 1967 ili kulinda viwanda vya walio nyuma, havikutosha kuusawazisha mzani. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliielekeza Tanzania kwenye Ujamaa, wakati Kenya ilishika njia ya mitaji ya watu binafsi. Kisha tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin akampindua Rais Obote. Mwalimu akakataa kuketi naye meza moja, na Baraza la Marais, ambalo ndilo lililokuwa na mamlaka ya mwisho, halikukutana tena. Chombo chenye manahodha watatu wasioonana hakina haja ya dhoruba ili kipotee.

Sasa tuje kwenye majuma machache ambayo ndiyo kiini cha mjadala huu.

Mwishoni mwa Januari 1977 ndege za Shirika la Ndege la Afrika Mashariki ziliacha kuruka. Ugomvi ulikuwa juu ya madeni na michango: Kenya ilidai kwamba wenzake hawakulipa sehemu zao, na wenzake nao walikuwa na madai yao. Nyingi kati ya ndege hizo zilikuwa Nairobi. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Februari, Shirika la Ndege la Kenya likaanza safari zake. Tanzania nayo ikafunga mpaka wake na Kenya, ikayashika magari na ndege ndogo za utalii za Kenya zilizokuwa ndani ya nchi. Na watalii waliokuja kutazama wanyama wakajikuta wamo katika ugomvi wasioujua. Siku hizo hizo, tarehe 5 Februari, TANU na Afro-Shirazi Party ziliungana kuwa Chama Cha Mapinduzi. Msomaji afikirie jambo hilo: katika juma moja, taifa moja lilisherehekea muungano wa vyama vyake na kufunga mlango wa jirani yake. Mwezi Machi, Tanzania ikaunda shirika lake la ndege. Bajeti ya Jumuiya haikupitishwa, na kufikia tarehe 1 Julai 1977 Jumuiya ilikuwa imekwisha.

Ukimwuliza Mtanzania wa rika la wakati ule akusimulie habari hizi, ataanzia Januari, kwenye ndege zilizozuiwa Nairobi. Mpaka, kwake, ni jibu. Ukimwuliza Mkenya wa rika lile lile, ataanzia Februari, kwenye mpaka uliofungwa na mali iliyoshikwa. Ndege, kwake, ni hesabu ya madeni tu. Wote wawili wanasema kweli. Hakuna aliyetunga jambo lisilokuwapo. Tofauti ni mahali ambapo kila mmoja ameikata hadithi ili ianze, na hapo ndipo ilipo kazi ya vyombo vya habari. Magazeti ya Tanzania, Daily News la Serikali na Uhuru la Chama, pamoja na Redio Tanzania, yalikuwa sauti za dola, na hayakuficha kwamba ndivyo yalivyo. Nairobi kulikuwa na Sauti ya Kenya, redio ya Serikali. Na magazeti makubwa yalikuwa mali ya watu binafsi wenye asili ya nje, Nation la Aga Khan na Standard la kampuni ya Lonrho, ambayo yalijivunia kuwa huru. Lakini katika jambo hili uhuru huo na utii ule vilizaa matunda yanayofanana sana. Anayetaka kuamini kwamba gazeti la mwenye mtaji husema kweli kuliko gazeti la Serikali, au kinyume chake, asiutafute ushahidi katika mwaka 1977.

Baada ya mwanzo wa hadithi yakaja majina. Upande wa Tanzania, Kenya ikaitwa nchi ya manyang'au, yaani jamii ambamo mtu humla mtu. Upande wa Kenya likarudi jibu kwamba afadhali hiyo kuliko jamii ambamo mtu hana cha kula. Maneno hayo yalichekesha, yakaenea, na mpaka leo watu wazima huyakariri kwa tabasamu. Mimi kama mtunzi wa mashairi sina ugomvi na kejeli. Fasihi yetu ina desturi kongwe ya malumbano, ambapo washairi wa Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam wamejibizana magazetini tangu enzi za Mambo Leo, lililoanzishwa mwaka 1923. Lakini malumbano yana sheria. Anayejibu humtaja mwenzake, huichukua hoja yake, huifuata katika bahari na vina vyake, ndipo akaipindua. Msomaji wa jibu hulifahamu swali. Katika malumbano ya mwaka 1977 sheria hiyo haikufuatwa: msomaji wa Dar es Salaam alipata tusi la Nairobi bila hoja ya Nairobi, na wa Nairobi vivyo hivyo. Kiswahili, ambacho wazee walikitarajia kiwe gundi ya Afrika Mashariki, kikatumiwa kwa ufasaha mkubwa kuwatenga wasemaji wake.

Tena nyang'au ni jina linalomfunika kila mtu. Mwenye kiwanda cha Nairobi ni nyang'au, na kuli wa Mombasa ambaye hana hata kiwanja ni nyang'au pia. Kwa itikadi ya Ujamaa yenyewe hilo lilikuwa kosa, kwani itikadi hiyo ilitufundisha kutazama matabaka, si utaifa wa mtu.

Katika kelele hizo yapo mambo ambayo hayakupewa nafasi yake. Mpaka wa Kenya na Tanzania uliochorwa na Waingereza na Wajerumani unapita katikati ya Wamaasai, Wakuria, Wadigo na Wasegeju, watu ambao kwao "ng'ambo" ni boma la shangazi. Mpaka huo ulifungwa kwa zaidi ya miaka sita. Watu hawakuacha kuvuka. Waliacha kuvuka kwa heshima. Mume alikwenda kumzika mkwewe kwa njia ya panya, na mama aliyekuwa akipeleka ndizi soko la Taveta akageuka mlanguzi bila kubadili kazi. Treni za kuvuka mpaka kwa reli ya Voi na Kahe, iliyojengwa na Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, zikakoma. Kenya ikapoteza soko la Tanzania na njia ya nchi kavu ya kupeleka bidhaa Zambia. Tanzania ikapoteza watalii waliokuwa wakiingia Serengeti kutoka Nairobi. Literature Bureau likawa la nchi moja, la Kenya. Tanzania ilikaa hadi mwaka 1979 ndipo ikapata Mahakama ya Rufani yake. Na huko ziwani, kati ya meli mbili za kubeba mabehewa zilizojengwa baada ya Uhuru, ile iitwayo Uhuru ilibaki Kenya, na ile iitwayo Umoja ikabaki Tanzania. Hakuna mshairi ambaye angethubutu kutunga mgawanyo wa namna hiyo.

Kugawa mali kulichukua muda mrefu kuliko kuvunja. Msuluhishi, Dakta Victor Umbricht wa Uswisi, alizunguka baina ya miji mikuu mitatu kwa miaka mingi, na katikati ya kazi yake vita vya Tanzania na Uganda ya Amin vikapiganwa na kumalizika. Mwezi Novemba 1983 Marais Nyerere, Moi na Obote walikutana Arusha, na mpaka ukafunguliwa. Tarehe 14 Mei 1984, Arusha hapo hapo, ukatiwa saini mkataba wa mgawanyo: Kenya asilimia 42 ya thamani ya mali, Tanzania 32, Uganda 26. Ndani ya mkataba huo wenye ugomvi walikubaliana pia kutafuta njia za kushirikiana tena. Habari hizo zilitangazwa kwa furaha pande zote, na yale majina ya mwaka 1977 yakawekwa kando kimya kimya; hakuna aliyeyakana wala kuyafafanua.

Jumuiya mpya ilizaliwa kwa mkataba wa tarehe 30 Novemba 1999. Utangulizi wake unataja sababu zilizoiua ile ya kwanza: upungufu wa nia thabiti ya kisiasa, kukosekana kwa ushiriki wa kutosha wa sekta binafsi na asasi za kiraia, faida zilizoendelea kugawanywa bila usawa, na ukosefu wa sera za kutosha za kurekebisha hali hiyo. Ni maelezo ya haki, na kwa nyaraka za madola ni ya ujasiri. Lakini mtu wa ofisini, aliyezoea kuandika "imeamuliwa kwamba", ataona mara moja kuwa hakuna nchi inayotajwa, wala ndege, wala mpaka. Yako mapungufu, hakuna waliopungukiwa.

Mkataba wa 1984 ulikuwa umeagiza kila nchi iwalipe raia wake waliokuwa watumishi wa Jumuiya mafao yao ya uzeeni. Hao ndio mafundi wa reli, makarani wa posta, mabaharia na wahudumu wa ndege ambao mwaka 1977 walirudishwa makwao, kila mmoja kwa taifa lake. Nchini Tanzania maelfu yao waliendelea kudai kwa muda mrefu. Mwaka 2003 walifungua kesi katika Mahakama Kuu mjini Dar es Salaam, na mwaka 2005 pakafikiwa makubaliano na Serikali, malipo yakaanza. Hata baada ya hapo wengine walisema hawakulipwa haki yao yote, na wazee wenye mvi wakaonekana wameketi barabarani wakidai. Wengi walikuwa wamekwisha kufariki, na waliokuwa wakifuatilia mafao yao walikuwa wajane na watoto.