Ukungu wa Silent Hill

Mwaka 1688 Johannes Hofer aliwasilisha tasnifu ya udaktari mjini Basel, Uswisi, juu ya maradhi ya watu walio mbali na kwao. Aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, la kurudi nyumbani na la maumivu, akapata neno nostalgia. Sisi walimu wa Kiswahili huitafsiri "hamu ya yaliyopita", tafsiri ambayo kwa maoni yangu imeyaacha maumivu nje. Siku hizi hamu hiyo ni biashara kubwa, hasa katika michezo ya video.

Wanaoichunguza michezo hiyo hutofautisha kuikarabati, yaani kusafisha picha na sauti za programu ile ile, na kuiunda upya tangu msingi. Silent Hill 2 ya kampuni ya Konami ya Japani imepitia yote mawili.

Mchezo wa kwanza wa mfululizo huo ulitoka mwaka 1999. Mashine ya PlayStation haikuwa na nguvu ya kuchora mji mzima kwa mara moja, hivyo mafundi waliufunika kwa ukungu na giza. Udhaifu wa mashine ukawa chanzo cha hofu. Mchezo wa pili, wa 2001, ulitengenezewa mashine yenye nguvu zaidi, lakini ukungu ulibakizwa, safari hii kwa hiari.

Toleo lililokarabatiwa lilitoka mwaka 2012. Kumbe msimbo wa programu ya mwisho haukuhifadhiwa! Wakarabati walipewa nakala isiyokamilika, yenye kasoro zilizokwisha kurekebishwa zamani. Ukungu ukawa mwepesi, hata kingo za mji ambazo hazikumaliziwa zikaonekana. Wachezaji walilalamika sana. Aliyewahi kuhariri hati za kale za tenzi anaijua hali hiyo: nakala mbovu ndiyo iliyobaki, na kila sahihisho laweza kuwa kosa jipya.

Mwaka 2024 kampuni ya Bloober Team ya Poland ilitoa toleo lililoundwa upya, lenye waigizaji wapya na kamera inayomfuata mhusika begani. Lilisifiwa, nami naliona zuri. Hata hivyo, si ule wa 2001. Utafiti wa Video Game History Foundation wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotoka Marekani kabla ya 2010 haikuwa ikiuzwa tena madukani. Mwanafunzi anayetaka kuuona ukungu wa 2001 kama ulivyokuwa itambidi atafute diski kuukuu, na mashine kuukuu ya kuichezesha.