Kupima Joto kwa Mbali katika Nchi ya Mbozi na Tunduma

Wahunzi wa zamani wa Unyiha, kama jirani zao wa Ufipa, walitoa chuma katika mawe kwa tanuru ndefu za udongo, zilizovuta hewa kwa matundu ya chini. Fundi wa kazi hiyo hakuwa na kipimajoto. Mhunzi po pote huchungulia motoni akaamua kwa rangi: kwanza damu ya mzee, kisha nyekundu, kisha manjano, na mwisho rangi inayokaribia weupe. Wala tundu la tanuru si mahali pabaya pa kutazamia. Mwangaza uliomo ndani hugonga ukuta huu na huu, ukamezwa na kutolewa tena, hata unaotoka nje hutegemea ukali wa joto tu, si kwamba ukuta ni wa udongo au wa makaa.

Sheria yenyewe iliandikwa Ulaya baadaye. Mwaka 1800 William Herschel aliweka kipimajoto kando ya wekundu wa mwanga wa jua uliotawanywa, mahali pasipoonekana kitu, akakuta zebaki inapanda. Mwaka 1859 Kirchhoff alionyesha kwamba kitu kinachomeza miale vizuri hukitoa vizuri vile vile kile kilichomeza; na mwaka 1879 Stefan akatambua kwamba joto likiongezeka maradufu, likihesabiwa toka sifuri halisi, nguvu ya miale huongezeka mara 16.

Chombo cha siku hizi, chenye umbo la bastola, hupokea miale hiyo ya infraredi. Jina la kipimajoto linakipotosha kidogo, maana hakipimi joto bali miale, kisha hukisia joto kwa hesabu. Katika hesabu hiyo mna tarakimu moja ya kudhaniwa, yaani kadiri ya utoaji wa kitu, toka 0 hata 1. Vyombo vingi vya bei nafuu huichukua kuwa 0.95 bila kumwuliza mtumiaji. Masizi, udongo, mbao na maji hukaribia hapo. Alumini iliyosuguliwa haifiki hata 0.1. Basi sufuria mpya yenye maji yanayochemka, ikilengwa ubavuni, huonekana kama imepoa, kwa kuwa chombo kinasoma zaidi miale ya ukuta wa jiko iliyoakisiwa. Sufuria ile ile ikishika masizi husomwa karibu na ukweli. Mafundi hubandika utepe mweusi juu ya chuma kinachong'aa, wakalenga utepe.

Kimondo cha Mbozi, kilichopo Ndolezi na kujulikana kwa wageni mwaka 1930, chafaa kwa fundisho hilo. Ni chuma kwa sehemu kama 90 katika 100, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni nikeli. Ngozi yake ya kahawia iliyopata kutu hutoa miale vizuri. Chuma hicho hicho kikikatwa na kung'arishwa hutoa kidogo mno. Jua moja, jiwe moja, na namba mbili.

Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, elimu hii iliingia katika maisha ya watu mpakani. Mwezi wa Mei Zambia ilifunga Nakonde kwa siku chache, na malori yakasongamana upande wa Tunduma. Chombo kilicholengwa pajini mwa dereva kingeweza kumruhusu au kumzuia. Kwa bahati ngozi ya mwanadamu, iwe nyeusi au nyeupe, ina kadiri ya 0.98 hivi, weusi unaoonekana kwa jicho hauhusu miale hiyo. Kosa lilitoka kwingine. Paji lililopigwa na upepo wa asubuhi wa nyanda hizo za juu, au lenye jasho, huwa limepoa kweli, na homa iliyomo mwilini haisomeki; aliyeketi nyuma ya kioo juani huonekana mgonjwa. Kumpumzisha kivulini kabla ya kumpima kulikuwa jambo la haki, ijapokuwa foleni ilikuwa ndefu. Tena wengi wenye virusi hawakuwa na homa kabisa, na hao hakuna chombo cha joto kingeweza kuwatambua, hata kama kadiri yake ingewekwa sawasawa.