Sokwe wa Bujumbura na Mafunzo ya Gombe

Julai 1960, Jane Goodall, Mwingereza asiye na shahada ya chuo kikuu, aliwasili Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, kusini ya Bujumbura. Mwaka huohuo alimwona sokwe akipukuchua majani ya kitawi, kisha akachokolea mchwa kichuguuni. Dai la wataalamu kwamba binadamu peke yake ndiye aundaye zana likaanguka.

Elimu hiyo ilizaa wajibu. Mjini Bujumbura, taasisi yake ilianzisha makao ya sokwe mayatima. Vita vilivyozuka nchini Burundi mwaka 1993 viliwalazimisha sokwe hao kuhamishiwa Sweetwaters, Kenya.

Goodall alifariki dunia tarehe 1 Oktoba 2025. Aliyekwisha kutambua kwamba mnyama ana akili hana tena udhuru wa kumtesa.