Nani aliwasha moto wa Bow? Mgomo wa wasichana wa kiberiti, 1888

Miguu michafu, faini peni 3. Kuacha njiti zilizoungua juu ya meza ya kazi, shilingi nzima. Aliyechelewa asubuhi alifungiwa nje nusu siku na kukatwa peni 5 kati ya peni 8 za siku hiyo. Hayo ndiyo yaliyokuwa masharti ya kazi katika kiwanda cha viberiti cha Bryant & May, eneo la Bow, mashariki mwa London, mwaka 1888.

Msichana wa miaka 16 aliambulia shilingi 4 kwa wiki. Mbili zilikwenda kwenye kodi ya chumba, na zilizobaki zikaishia kwenye mkate, siagi na chai, asubuhi na mchana. Majira ya joto aliingia kazini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akasimama kutwa, akatoka saa kumi na mbili jioni. Wakati huohuo wanahisa wa kampuni walikuwa wakivuna gawio la zaidi ya asilimia 20.

Kiberiti cha kusugua kilikuwa bidhaa changa bado. John Walker, muuza dawa wa mji wa Stockton-on-Tees, ndiye aliyeanza kukiuza mwaka 1827. Miaka michache baadaye Mfaransa Charles Sauria alitia fosforasi nyeupe kwenye vichwa vya njiti, na kuanzia hapo njiti ikawaka popote ulipoisugua, iwe ukutani au kwenye soli ya kiatu. Wanunuzi waliipenda kwa sababu ilikuwa rahisi na ya bei nafuu. Gharama yake ilibebwa na waliokuwa wakiitengeneza.

Mvuke wa fosforasi nyeupe ulipenya kwenye taya, hasa pale palipokuwa na jino bovu. Ugonjwa ulianza kama maumivu ya jino. Kisha shavu likavimba, usaha ukatoka, mfupa wa taya ukaanza kuoza ungali mdomoni mwa mtu aliye hai. Harufu yake ilikuwa kali kiasi kwamba hata ndugu walishindwa kukaa chumba kimoja na mgonjwa. Dawa iliyokuwepo ilikuwa kukata taya, na wengine walikufa hata baada ya kukatwa. Hakuna mwenye kiwanda aliyeweza kudai kwamba hakujua, kwani daktari Lorinser wa Vienna aliueleza ugonjwa huo katika miaka ya 1840.

Wala isisemwe kwamba hapakuwa na njia nyingine. Wasweden walikuwa wameshatengeneza kiberiti salama kinachotumia fosforasi nyekundu, isiyo na sumu ile, iliyopakwa ubavuni mwa boksi. Bryant & May wenyewe walinunua haki ya kukitengeneza Uingereza mwaka 1855, na walikitengeneza kweli. Ila njiti za fosforasi nyeupe ziliendelea kuuzika, nao wakaendelea kuzitoa.

Katikati ya Juni 1888 suala la kazi za wanawake lilijadiliwa katika mkutano wa Fabian Society, chama cha wasoshalisti, jijini London. Miongoni mwa waliosikiliza alikuwa Annie Besant, mhariri wa gazeti dogo lililoitwa The Link. Yeye na mwenzake Herbert Burrows walikwenda Bow kuwahoji wasichana wenyewe, na tarehe 23 Juni akachapisha makala iliyoifananisha kazi ile na utumwa. Faini zote nilizozitaja zilianikwa humo. Kampuni ilijibu kwa kuandaa karatasi ya kuyakana yaliyoandikwa, ikawataka wafanyakazi waitie sahihi. Wakakataa. Mwanzoni mwa Julai mmoja wao alifukuzwa, na wenzake wakaweka kazi chini. Baada ya siku chache wanawake na wasichana wapatao 1,400 walikuwa nje ya lango.

Hapa ndipo simulizi ilipopindishwa kwa miaka mingi. Vitabu vilimtaja Besant kuwa ndiye aliyeitisha mgomo, kana kwamba wale wasichana walikuwa kuni zinazomngoja mwenye moto. Makala yake haikuitisha mgomo wowote. Yeye aliwaomba wanunuzi wasusie bidhaa za kampuni. Wanawake wapatao 200 walipoandamana hadi ofisini kwake karibu na Fleet Street, walikuwa wameshagoma. Walimwambia kwamba aliwatetea, nao hawakuwa tayari kumgeuka.

Mwanahistoria Louise Raw, katika kitabu alichokichapisha mwaka 2009, aliwarudisha wafanyakazi hao mahali pao, na nadhani ametenda haki. Wengi walitoka katika familia za Kiayalandi za mashariki mwa London, na nyumbani walikaa na baba, kaka na waume waliofanya kazi bandarini. Kupinga jambo hawakufundishwa na mtu. Mwaka 1871 serikali ilipotaka kutoza kodi kwa viberiti, watu wa viwanda hivyo waliandamana kuelekea Bungeni, na kodi ikaondolewa. Kuhusu sanamu ya Waziri Mkuu Gladstone iliyosimamishwa Bow mwaka 1882, Besant aliandika kwamba kila mfanyakazi alikatwa shilingi moja kuichangia. Hasira ya makato hayo ilikuwa imekaa vifuani miaka sita.

Waligoma kwa mpangilio. Waliunda kamati, akiwemo Sarah Chapman, aliyekuwa na miaka 25. Walipeleka wajumbe kwa wabunge, na michango ikagawiwa kwa kufuata orodha ya majina. Baraza la vyama vya wafanyakazi la London likaingia kusuluhisha, na kufikia tarehe 17 Julai kampuni ilikuwa imesalimu amri. Faini na makato vikafutwa, waliofukuzwa wakarudishwa, malalamiko yakaruhusiwa kufika moja kwa moja kwa wakurugenzi. Wakaahidiwa pia chumba cha kulia. Hilo linaweza kuonekana dogo, lakini walikuwa wakila mkate wao mahali palepale penye fosforasi, na kila tonge lilikuwa na sumu. Chama chao kiliundwa mwezi huohuo. Mwaka uliofuata wafanyakazi wa gesi wakapigania kupunguziwa saa za kazi, kisha makuli wa bandari ya London wakagoma.

Fosforasi yenyewe haikuguswa na makubaliano yale. Mwaka 1891 Jeshi la Wokovu (Salvation Army) lilifungua kiwanda jirani, kikitumia fosforasi nyekundu peke yake na kulipa vizuri zaidi, ili kuonyesha kwamba inawezekana. Mwaka 1898 Bryant & May walifikishwa mahakamani kwa kuficha wagonjwa 17 wa taya, wakatozwa faini ya paundi 25 na ushei. Waliacha fosforasi nyeupe mwaka 1901. Mkataba wa kimataifa wa kuipiga marufuku ulitiwa sahihi Bern mwaka 1906. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria yake mwaka 1908, na ilipoanza kutumika mwaka 1910 Sarah Chapman alikuwa na umri wa miaka 47.