Punje za hopsi si feki, na historia ndio shahidi wangu

Kuna ubishi kati ya watu wanaopika bia nyumbani, na mimi huufuatilia kama derby. Timu moja inasema hopsi za ukweli ni maua mazima yaliyokaushwa tu, eti punje ni mambo ya kiwanda, ni feki. Timu nyingine inasema punje ndio mpango, maua ni mapambo. Mimi niko timu punje. Lakini sababu yangu kubwa iko kwa historia kuliko kwa sufuria. (Kama hujafika 18, hii ni somo la historia, basi.)

Kwanza, hopsi ni nini? Ni mmea unaopanda juu kwa kamba. Watu husema "jani zima" lakini si jani, ni ua la kike. Ndani yake kuna unga wa njano unaonata, lupulini. Huo unga ndio unaleta uchungu, ndio unaleta harufu, na ndio unazuia bakteria wa kugeuza bia ikawa chachu kama mala. Punje ni maua yale yale yamesagwa, yakashindiliwa yakafanana na chakula cha sungura. Zile za kawaida huitwa T-90, jina lililotokana na hesabu kwamba kilo 100 za maua zilitoa kama kilo 90 za punje. Feki iko wapi hapo?

Sasa turudi nyuma. Karne ya 12, mtawa wa Ujerumani aitwaye Hildegard wa Bingen aliandika kwamba uchungu wa hopsi huzuia vinywaji kuharibika. Kule Uingereza, wakati huo na baadaye, watu walikunywa eli, pombe ya nafaka isiyo na hopsi. Ilikaa siku chache tu, ikaharibika. Kwa hivyo ilibidi ipikwe karibu na mnywaji, nyumbani, na wapishi wengi walikuwa wanawake. Mwanahistoria Judith Bennett ameandika kitabu kizima juu yao. Mwaka 1300 hivi hiyo ilikuwa kazi ya akina mama. Kufikia 1600 ilikuwa imeshikwa na wanaume.

Nini kilitokea? Sababu ni nyingi, lakini hopsi ni moja yazo. Bia ya hopsi iliingia Uingereza kutoka Flanders na Uholanzi, na hiyo ilikaa miezi. Kitu kinachokaa miezi kinaweza kupakiwa kwa meli, kuuzwa mbali, kungoja bei nzuri. Lakini kinataka sufuria kubwa, mapipa mengi na mkopo. Mjane mwenye chungu kimoja angetoa wapi mtaji? Biashara ikahamia kwa wenye pesa.

Ndio maana nacheka mtu akisema maua ni "asili" na punje ni "kiwanda". Hopsi yenyewe ndio ilifungua mlango wa kiwanda! Punje ni hatua moja zaidi kwa safari ile ile. Maua makavu ni mepesi lakini yanajaza ghala, na yakiguswa na hewa kwa muda yanaanza kunuka kama jibini kuukuu. Punje zilipoenea, miaka ya 1960 na 1970, shida hiyo ilipungua sana: mzigo mdogo, pakiti isiyo na hewa, weka kwa friza.

Na hapa ndio nafurahia. Kitu kilichorahisishia makampuni kazi kikaishia kumsaidia mtu wa jikoni. Uingereza ilifuta leseni ya kupika bia nyumbani mwaka 1963. Marekani, Rais Jimmy Carter alitia sahihi sheria ya kuruhusu mwaka 1978. Mtu anayeishi mbali na shamba lolote la hopsi sasa angeweza kuagiza pakiti ndogo ikafika ikiwa bado fiti.

Simaanishi maua hayana maana. Sierra Nevada wa California wamejijengea jina kwa kutumia maua mazima. Maua pia hujichuja yenyewe chini ya sufuria, ingawa hunywa bia yako kama sponji. Ukiishi karibu na shamba, tumia maua. Lakini hopsi hupenda siku ndefu za kiangazi, na sisi wa ikweta mchana wetu ni saa kumi na mbili mwaka mzima. Hopsi unayopata Nairobi imetoka mbali, na punje ndizo zinavumilia safari.

Sasa ukinitajia asili, twende Nairobi ya miaka ya 1920. Busaa hupikwa kwa unga wa mahindi na kimea cha wimbi, bila hopsi, na haikai. Mpishi alikuwa mama, kama kwa eli. Baraza la mji likajipa ukiritimba wa kuuza pombe ya Waafrika kule Pumwani, na mama aliyepika kwake akawa mtu wa kukamatwa. Wakati huo huo, 1922, kiwanda cha bia ya chupa kikaanza Ruaraka. Hiyo bia ya hopsi Mwafrika hakuruhusiwa kuinywa hadi miaka ya 1940.

Ona vile mambo yanafanana. Pombe inayokaa ilipewa leseni na jina zuri, ile isiyokaa ikaletewa polisi. Na hadi leo, kijana mwenye hopsi kwa friza tunasema ana hobi, lakini mama pima tunasema ni mhalifu, hata kama busaa yake ni safi kuliko jikoni ya huyo kijana.

Kwa hivyo nunua punje bila aibu. Lakini kabla ujiite mtetezi wa pombe asili, tuambie: huyo mama umewahi kumtetea?